Plastiki Nyeupe Isiyoyeyuka: Jibu kwa Msomaji wa Ngamiani

SWALI: Sisi ni kikundi cha watu tisa hapa Ngamiani, Tanga. Tunanunua plastiki chakavu, tunaichambua, tunaisaga na kuiuza kwa viwanda vya Dar es Salaam. Mwezi uliopita fundi aliyekuwa akivunja mitambo ya zamani alituuzia magunia mawili ya plastiki nyeupe: mabamba, fimbo nene na pete za ukubwa mbalimbali. Ni nzito kuliko plastiki tuliyoizoea na inateleza mkononi kama sabuni. Vijana wetu wawili walijaribu kuyeyusha vipande kadhaa kwenye sufuria ya chuma juu ya moto mkali wa mkaa. Havikuyeyuka, vikatoa moshi mwepesi. Usiku ule wote wawili walishikwa na homa, kutetemeka na kubanwa kifua. Walidhani ni malaria, lakini kesho kutwa yake walikuwa wazima. Plastiki hii ni ya aina gani? Tuirejeleze, tuichome au tuizike? Na madumu ya dawa za mashamba tunayoletewa kutoka Muheza, ambayo tumeambiwa kwamba nayo yana florini, tuyasage pamoja na mengine?

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na vijana wenu, plastiki itafuata. Homa, baridi ya mwili na kifua kubana, vikianza saa chache baada ya kuvuta moshi na kuondoka ndani ya siku moja au mbili, ni dalili za ugonjwa ambao madaktari wa viwandani wanaujua kwa jina la homa ya moshi wa polima. Kwa kawaida huanza kati ya saa nne na saa nane baada ya mtu kuvuta moshi wa plastiki yenye florini, elementi ya jamii moja na klorini, iliyopashwa joto kupita kiasi. Katika mji kama Tanga, ambako homa yoyote hudhaniwa kwanza kuwa malaria, mtu anaweza kuugua hivi mara tatu au nne, akameza dawa mseto kila mara, na asijue kamwe kwamba chanzo kilikuwa kwenye sufuria ya kazini. Kipimo cha malaria kifanywe, kwa kuwa hakuna anayeweza kuitambua kwa kukisia, lakini daktari aambiwe pia juu ya moshi. Na ikiwa mmoja wao bado anahema kwa shida anapopanda ngazi au kubeba mzigo, aende hospitali ya Bombo leo, wala asingoje kesho, kwa sababu baadhi ya gesi zinazotoka kwenye plastiki hii huumiza mapafu kimyakimya na kuyajaza maji saa nyingi baada ya mtu kudhani amepona.

Kwa maelezo yako, karibu nina hakika kwamba mlichonunua ni politetrafloroethilini, ambayo mafundi huiita PTFE na ambayo wengi wanaijua kwa jina la biashara la Teflon. Utepe mweupe ambao fundi bomba anauzungusha kwenye nyuzi za bomba kabla ya kulikaza ni plastiki hiyo hiyo. Iligunduliwa bila kukusudiwa tarehe 6 Aprili 1938, wakati mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont huko Marekani alipofungua mtungi wa gesi na gesi isitoke, ingawa mzani ulionyesha kwamba mtungi haujapungua uzito. Walipoukata, walikuta ndani unga mweupe unaoteleza. Viwandani hutumika kutengenezea gasketi, sili, bushi na viti vya valvu, mahali popote penye asidi, joto au msuguano, na ndiyo maana hutokea kwa wingi mitambo ya zamani inapovunjwa. Tanga, yenye viwanda vya miongo mingi na sasa bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani, itaendelea kuiona plastiki hii, kwa hiyo swali lako halitakuwa la mwisho.

Msiitambue kwa moto. Najua kwamba wachambuzi wengi hupima plastiki kwa waya wa shaba uliopashwa moto, na wakiona mwali wa kijani hujua kwamba ni PVC. Kipimo hicho huonyesha klorini, lakini florini haitoi rangi hiyo. Plastiki yenye florini itapita kwenye kipimo chenu kana kwamba ni salama, huku ikikupeni moshi ule ule uliowalaza vijana wenu. Kipimo kinachofaa ni cha mzani na maji. Pimeni uzito wa kipande kwa gramu, kisha kizamisheni kwenye chombo chenye alama za mililita mwone maji yamepanda kiasi gani, halafu mgawe uzito kwa mililita hizo. Plastiki ya madumu, ambayo ni politheni ngumu, itakupeni chini kidogo ya 1 na huelea. Plastiki ya chupa za maji hukaribia 1.4, na PVC ya kawaida vilevile. PTFE hutoa takriban 2.2: kipande cha gramu 440 huinua maji kwa mililita 200 tu. Ndugu yake anayeitwa PVDF, anayepatikana kwenye mabomba ya kemikali na pampu, hutoa karibu 1.8. Chochote kinachozidi 1.6 na si chuma wala jiwe, kiwekeni kando mpaka mjue ni nini. Inaweza kuwa plastiki ya kawaida iliyochanganywa na unga wa mawe au nyuzi za kioo, lakini hasara ya kuitenga bure ni ndogo kuliko ya kuiyeyusha kimakosa.

Kwa nini haikuyeyuka? Plastiki hujengwa kwa minyororo mirefu ya atomi, na mnyororo wa PTFE ni kaboni iliyozungukwa na florini pande zote, na muungano kati ya kaboni na florini ndio wenye nguvu kuliko muungano wowote mmoja ambao kaboni hufanya na elementi nyingine. Plastiki hii hubadilika kutoka hali ya fuwele kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, lakini hata hapo haitiririki. Hubaki kama ute mzito unaoshikilia umbo lake, na mkiongeza joto ili itiririke, minyororo inaanza kukatika kabla haijafanya hivyo. Politheni ya madumu mnayoizoea huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, na mashine huisukuma kwenye nyuzi 180 hadi 220. Punje za PTFE zikiingia humo hubaki ngumu, huziba vichujio na kuacha madoa dhaifu kwenye bidhaa, na mnunuzi wenu wa Dar es Salaam akiziona mara mbili hatanunua tena. PVDF ina hatari ya aina nyingine, kwa kuwa huyeyuka karibu na nyuzi 170, ikajichanganya bila kuonekana, na ikipashwa kupita kiasi hutoa asidi inayokula vyuma vya mashine.

Sasa moto wenyewe. PTFE imepimwa kuwa salama kwa matumizi ya kudumu hadi nyuzi 260. Juu ya hapo huanza kuachia chembe na gesi kidogo kidogo, na ikipita nyuzi 400 huvunjika kwa kasi. Gesi hizo ni pamoja na monoma yenyewe, yaani gesi ambayo PTFE huundwa kwayo, floridi ya kabonili, na perfloroisobutilini, ambayo ni sumu kali kuliko fosjini iliyotumika kuua watu katika Vita Kuu ya Kwanza. Zikikutana na unyevunyevu, na Tanga hakukosekani unyevunyevu, sehemu yake hugeuka kuwa asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi na kufuata kalisi hadi kwenye mfupa. Hesabu ni rahisi na inafaa kila mwanakikundi aijue: kila kilo moja ya PTFE ikivunjwa kabisa huzaa gramu 800 za asidi hiyo. Tuseme magunia yenu mawili yana kilo 50. Ndani yake mna kilo 40 za haidrofloriki zinazosubiri joto.

Moto usiotosha huleta madhara mengine yasiyoonekana mtaani. Baadhi ya mabaki huruka kama tetraflorometani, gesi inayodumu angani kwa takriban miaka 50,000 na kuhifadhi joto zaidi ya mara 6,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito ule ule kwa kipimo cha miaka 100. Moshi wa gunia moja la plastiki uliowashwa jioni moja nyuma ya ghala utaendelea kuwapo wakati ambapo hakuna hata kumbukumbu ya mji huu.

Je, kuna moto unaotosha? Upo, lakini hamna ninyi wala sina mimi. Sheria za Ulaya hutaka taka za kawaida zichomwe kwa nyuzi zisizopungua 850 kwa sekunde mbili, na taka hatarishi zenye halojeni (jamii ya florini na klorini) zaidi ya asilimia moja zichomwe kwa nyuzi 1,100, kisha gesi zioshwe kwa chokaa ili florini inaswe na kuwa floridi ya kalisi, ambayo ni jiwe lile lile la fluoriti ambalo florini ilichimbwa kutoka kwalo. Wasomaji wawili wamewahi kuniuliza kama tanuri la saruji la Pongwe lisingefaa, kwa kuwa klinka, mawe yanayosagwa kuwa saruji, huokwa kwa nyuzi karibu 1,450 katikati ya chokaa tele. Kikemia wazo hilo lina msingi. Lakini tanuri la saruji linakuwa mahali salama pa kuteketeza taka za namna hii pale tu linapokuwa na kibali mahususi, njia ya kulisha taka kwenye sehemu yenye joto kali, na vipimo vya gesi zinazotoka kwenye bomba la moshi. Msimpe dereva wa lori gunia akalitupe kwenye makaa ya mawe kwa kudhani mmesaidia.

Kuhusu urejelezaji, sitaki kukupa matumaini ya uongo. Ulaya yenyewe, katika mwaka 2020, zaidi ya asilimia 80 ya taka za plastiki hizi ziliishia kwenye matanuri, na zilizorejelezwa hazikufika asilimia 5. Njia zipo tatu. Ya kwanza ni kusaga mabaki safi yasiyochanganywa na kuyashindilia upya kuwa fimbo za daraja la chini. Ya pili ni kuyapiga mionzi mpaka minyororo mirefu ikatike, yakawa unga laini unaotiwa kwenye grisi, wino na rangi. Njia hii inatumika sana, ingawa imegunduliwa kwamba mionzi ikipigwa penye hewa huzaa asidi zenye florini za jamii ambayo dunia inajaribu kuiondoa. Ya tatu, ninayoiheshimu kuliko zote, ni kuivunja plastiki kwa joto mahali pasipo na oksijeni na kuirudisha kuwa monoma. Kiwanda cha majaribio cha namna hiyo kilifunguliwa Burgkirchen, Ujerumani, mwaka 2015, kikiwa na uwezo wa tani 500 kwa mwaka. Zote tatu zinahitaji tani za mzigo safi wa aina moja. Magunia mawili hayafikii hapo.

Hata hivyo mnayo njia ya nne, ambayo kwa maoni yangu ni bora kuliko hizo zote kwa hali ya Tanga: kuitumia plastiki hiyo kama ilivyo, bila joto. Fimbo nene na mabamba yasiyo na madoa ni mali kwa fundi wa mashine ya kukereza. Anaweza kutoa bushi, sili za pampu na gasketi ambazo vinginevyo zingeagizwa kutoka nje. Mchambueni kwa macho: nyeupe tupu ina thamani zaidi, yenye rangi ya kahawia au kijivu huenda imechanganywa na shaba nyeusi, kaboni au kioo. Pete zilizokuwa kwenye mitambo ya kemikali zisitumike kamwe kwenye pampu ya maji ya kunywa wala mashine ya chakula, kwa kuwa hamjui zilishika nini. Na fundi apewe masharti mawili: kisu kiwe kikali ili plastiki isipate joto, na asivute sigara karibu na kazi hiyo wala kabla ya kunawa. Vumbi kidogo la PTFE likishika kwenye sigara huungua kwenye ncha yake na kuingia moja kwa moja kifuani. Hiyo ni mojawapo ya njia kongwe ambazo homa niliyoieleza imewapata wafanyakazi. Vipande vinavyokatika virudishwe kwenye gunia lenu.

Umeuliza pia kama mnaweza kuizika. PTFE nzima ikiwa ardhini haiozi na haiyeyuki katika maji, na wengine husema basi haina neno. Mimi sikubaliani nao kikamilifu. Kwa miaka mingi ilitengenezwa kwa msaada wa asidi iitwayo PFOA, mojawapo ya zile kemikali zenye florini zinazoitwa kemikali za milele kwa kuwa haziozi, ambayo iliingia kwenye maji ya kunywa ya watu wa Parkersburg, West Virginia, na iliyoingizwa mwaka 2019 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali zinazopaswa kuondolewa. Mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitambua kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Mabaki yake katika bidhaa za zamani ni kidogo, lakini hayapotei. Tena madampo yetu huwaka moto mara kwa mara, kwa hiyo kulizika gunia dampo ni sawa na kulichoma kwa tarehe isiyojulikana.

Nitenganishe jambo moja hapa, kwa kuwa naulizwa mara nyingi. Floridi iliyomo kwenye maji ya Arusha na Meru, inayotia meno madoa ya kahawia, ni chumvi ya madini na haina uhusiano na plastiki hizi. Kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa hakuondoi kemikali za milele kwa kiasi cha kutegemewa.

Uzaliwaji wa plastiki hii nao una gharama. Monoma yake hutengenezwa kutokana na gesi ya R22, ile ile ambayo mafundi wa majokofu na viyoyozi mtaani kwenu wanaijua, na wakati wa kutengeneza R22 huzaliwa gesi nyingine, HFC-23, inayopasha dunia joto zaidi ya mara 12,000 kuliko kaboni dioksidi. Ndiyo maana kila bushi inayotumika mara ya pili ina maana zaidi ya uzito wake mdogo.

Sasa madumu. Mliyoambiwa yana ukweli, na hapa naomba msome kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote. Dumu la politheni la kawaida hupitisha polepole viyeyusho vilivyomo ndani ya dawa za mashamba, kwa hiyo baadhi ya watengenezaji huligusisha na gesi ya florini ili ukuta wake uzuie. Dumu hilo huonekana, hupimwa na huelea sawasawa na jingine. Mwaka 2020 na 2021 nchini Marekani, baada ya kemikali za milele kupatikana katika dawa ya kuua mbu, ilibainika kwamba zilitoka kwenye kuta za madumu yenyewe, kwa kuwa mchakato wa kuyatia florini ulizizalisha, na majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba hata maji matupu yaliyokaa humo hudondoa kemikali hizo. Desemba 2023 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo iliamuru kampuni iliyofanya kazi hiyo iache. Machi 2024 mahakama ya rufaa ikaitangua amri hiyo kwa hoja ya kisheria kuhusu matumizi ya kifungu, na haikusema kwamba madumu ni salama.

Kwa hiyo dumu lolote lililobeba dawa ya mashamba lisisagwe pamoja na ya mafuta ya kula, na punje zake zisiuzwe kwa anayetengeneza ndoo, mabomba ya maji au vyombo vya jikoni. Mnunuzi aambiwe kwa maandishi asili ya mzigo. Dumu lisuuzwe mara tatu na mkulima mwenyewe shambani, maji hayo yamiminwe kwenye bomba la kunyunyizia na yatumike shambani humo humo, kisha litobolewe ili lisirudi kubeba maji. Msilisuuze Ngamiani. Wala mkulima asilisuuze mtoni, maana mito ya Usambara Mashariki inaingia Zigi, Zigi inaingia bwawa la Mabayani, na Mabayani ndilo mnalokunywa. Maafisa wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na wauzaji wa pembejeo waulizwe kuhusu ukusanyaji wa madumu matupu. Hiyo ni kazi yao kabla ya kuwa yenu.

Mkiletewa vikaango visivyogandisha chakula, utando wake ni mwembamba kuliko unywele, lakini mafundi wa kusubu sufuria huyeyusha alumini kwa nyuzi 660 na zaidi, ambako utando wote hugeuka moshi usoni mwao. Msiwauzie vikaango hivyo bila kuwaeleza. Nyaya za umeme nazo, ambazo baadhi zimevikwa plastiki hizi hizi, zichunwe kwa kisu, zisichomwe.

Magunia mawili yawekeni mahali pakavu, mbali na jiko, yakiwa na maandishi "PTFE, usichome" na tarehe. Iandikieni ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, mkieleza kiasi na asili yake, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake hutaka kibali kwa anayekusanya, kusafirisha au kuuza nje taka hatarishi. Akitokea dalali anayetaka kuyapeleka nje, jueni kwamba Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka kati ya nchi, umetaja baadhi ya plastiki zenye florini kuwa zinaweza kusafirishwa kwa masharti mepesi zikiwa safi na zinakwenda kurejelezwa, lakini PTFE haimo katika orodha hiyo, wala zilizokwisha kutumika na watu. Asiye na karatasi msimpe.

Ile sufuria ya chuma nayo isirudi motoni ikiwa na mabaki. Imwagieni maji kwanza, vaeni glavu za mpira na barakoa, kwangueni kilichoganda kikiwa kimelowa, mkitie kwenye gunia pamoja na vipande vilivyoungua, kisha ioshwe kwa maji ya chokaa. Baada ya hapo iwe chombo cha kubebea vipande tu.